Kabla ya Roboti Wodini na Kamera Sebuleni: Nini Humfanya Mwananchi Aikubali Mashine?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika Kata za Kikuyu jijini Dodoma, mashine inayojiamulia mambo ndani ya nyumba ya mtu si habari mpya. Mita ya LUKU imekaa ukutani kwa miaka mingi sasa. Inahesabu, inaonya kwa taa nyekundu, na uniti zikiisha inakata umeme bila kumwuliza mwenye nyumba. Hakuna anayeiita teknolojia. Ni mita tu. Lakini mwenye nyumba huyo huyo akielezwa kwamba ipo kamera inayoweza kutambua kuwa mzee ameanguka na kumjulisha mwanawe kwa simu, au roboti inayoweza kumkumbusha mgonjwa dawa za jioni, husita. Wengine hucheka. Wengine huuliza swali moja ambalo wauzaji wa vifaa hivyo hawapendi kuulizwa: nani mwingine ataona?

Jambo hili linaigusa Dodoma kwa namna ya pekee. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Makao Makuu mwaka 2016, na hasa baada ya Dodoma kupewa hadhi ya Jiji tarehe 26 Aprili, 2018, watumishi wengi wamehamia hapa huku wazazi wao wakibaki Kagera, Mtwara, Kilimanjaro au Rukwa. Malezi ya wazazi sasa hufanyika kwa simu na kwa kutuma fedha. Kwa upande mwingine, Tanzania imo katika orodha ya nchi 55 ambazo mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilizitaja kuwa na upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Pale ambapo watoto wako mbali na wauguzi ni wachache, mashine itaingia, ikaribishwe au isikaribishwe. Ni vyema kujua mapema watu huipokea kwa masharti gani.

Watafiti wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Fred Davis, alichapisha hoja ambayo bado inatumika vyuoni: mtu huikubali teknolojia akiamini kwamba itamfaa na kwamba haitamsumbua kuitumia. Hoja hiyo inaieleza vizuri mita ya LUKU, ambayo ilimwondolea mwananchi bili ya makadirio na safari za kwenda kubishana dirishani. (Ugomvi wa wapangaji wanaochangia mita moja, unaofahamika vizuri na wanafunzi waliopanga jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, ni jambo jingine, huo mita haijauweza.) Inaieleza pia hali iliyoonekana Kinshasa mwaka 2013, wakati roboti za kuongoza magari zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi zilipowekwa barabarani na baadhi ya madereva wakazisifu kwa kuwa haziwezi kudai chochote dirishani mwa gari. Mwananchi huipima mashine kwa kuilinganisha na yule aliyekuwa akimhudumia kabla yake.

Katika afya, hata hivyo, manufaa na urahisi havitoshi. Mwaka 2010 mtafiti wa Uholanzi, Marcel Heerink, na wenzake walipochunguza jinsi wazee wanavyozipokea roboti za kuwasaidia, iliwalazimu kuongeza mambo ambayo hoja ya Davis haikuwa nayo: imani, furaha ya kuwa na kifaa hicho, wasiwasi, maoni ya watu wa karibu, na ile hisia kwamba kuna kiumbe fulani kipo nawe chumbani. Kwa maneno mengine, mzee hapimi kifaa peke yake. Anapima pia watu waliomletea.

Afrika Mashariki ilikwishajifunza somo hili kwa njia ngumu. Wakati wa ukoloni zilienea hadithi za mumiani, watu waliosadikiwa kuwakamata wengine usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White, aliyezikusanya hadithi hizo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000, alionyesha jinsi zilivyoambatana na vitu vipya vya enzi ile: magari ya zimamoto, sindano, watumishi waliovaa sare. Ni rahisi kuzipuuza kama ujinga wa zamani. Lakini ukizitazama kwa makini, zilikuwa jibu la watu waliofikiwa na vifaa vinavyogusa miili yao, vikiwa mikononi mwa watu wasiowafahamu, bila maelezo kwa lugha yao. Mazingira hayo yakirudi, hadithi itarudi kwa jina jingine. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, dunia nzima ilishuhudia uvumi wa aina hiyo, na Ulaya haikusalimika.

Majirani zetu Rwanda walilielewa hilo. Mwezi Mei 2020 walipokea roboti tano kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ili zisaidie kupima joto la mwili, kufuatilia hali za wagonjwa na kupunguza ukaribu kati ya mgonjwa na mhudumu katika kituo cha matibabu cha Kanyinya. Roboti hizo zilitengenezwa Ubelgiji, lakini hazikuingia wodini na majina ya kiwandani. Zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri, yenye maana ya mwanga wa jua, matumaini, uzuri, ngao na nuru. Jina halikuibadili kazi ya mashine hata kidogo. Liliwapa wagonjwa waliotengwa na ndugu zao kitu wanachoweza kukitamka. Na madaktari na wauguzi hawakuondoka. Kilichopungua ni idadi ya mara walizolazimika kumkaribia mgonjwa.

Nchini kwetu mfano wa karibu zaidi hauna umbo la roboti. Mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga na ambao Rais Samia Suluhu Hassan alizindua usambazaji wake kitaifa hapa Dodoma mwezi Aprili 2022, ni programu ya kompyuta inayotafuta usafiri wa dharura kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga. Ndugu hupiga namba 115 bila malipo. Mpokeaji wa simu huuliza maswali, mfumo humsaidia kuamua uzito wa dharura na kuonyesha gari lililo karibu, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo, hupigiwa simu dereva wa jamii aliyesajiliwa na kupewa mafunzo. Mgonjwa akifikishwa kituoni, dereva hulipwa kwa simu.

Tazama kinachotokea hapo. Sehemu ngumu ya kazi hufanywa na mashine, lakini mwananchi hakutani nayo. Anakutana na sauti inayozungumza Kiswahili na, baada ya muda, na dereva ambaye huenda ndiye aliyembebea mahindi msimu uliopita. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo penye siri ya mfumo huo kupokelewa, zaidi ya ubora wa programu yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa huduma za fedha kwa simu kuanzia mwaka 2008: watu waliozoea kuweka akiba chini ya godoro waliikubali fedha isiyoonekana kwa sababu kulikuwa na wakala mtaani, mwenye jina na kiti, wa kumlalamikia muamala ukikwama.

Ndege zisizo na rubani zinaonyesha upande wa pili wa jambo hili, yaani mazingira ya kuiwezesha teknolojia. Mwaka 2017 ulitangazwa mpango wa kusambaza damu na dawa kwa ndege hizo nchini, na kituo cha kwanza kilipangwa kujengwa Dodoma. Huduma haikuanza kama ilivyokusudiwa. Mwaka uliofuata, majaribio katika Ziwa Victoria yalionyesha kuwa ndege ya aina hiyo inaweza kuvuka kilomita 60 kutoka nchi kavu hadi Kisiwa cha Ukerewe kwa wastani wa dakika 40, wakati njia ya barabara ina kilomita 240 na huchukua saa sita. Kwa mkazi wa kisiwani aliyewahi kusubiri damu, faida ya kifaa kama hicho haihitaji kufafanuliwa. Kinachobaki ni gharama, matengenezo na taratibu za anga, na hayo hayamalizwi na shauku ya wananchi.

Nyumbani ndiko kwenye ugumu zaidi, kwa kuwa huko hakuna sare wala dirisha la mapokezi.

Mwandishi wa makala hii alimnunulia mama yake, anayeishi Kondoa, kipimo cha presha cha kutumia betri. Kilikuwa chepesi kukitumia. Hata mjukuu wa darasa la tatu alikiweza. Kwa miezi kadhaa mama alikifunga kwenye kitambaa na kukiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Alipoulizwa, alijibu, "Hiki kinanisema kwenu." Ilikuwa kweli. Kila namba aliyotusomea kwa simu iliingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kabla ya magharibi watoto watano walikuwa wamempigia kumhoji kuhusu chumvi. Kifaa kilichonunuliwa kwa upendo kilimgeuza mama mwenye nyumba kuwa mtu anayekaguliwa. Alianza kukitumia pale jirani yake, muuguzi mstaafu, alipozoea kupita jioni, kumwamkia, kukaa naye, kumpima na kumweleza maana ya namba zile. Sasa yeye ndiye anayeamua zipi tuzijue.

Mfano huo ni mdogo, lakini kamera inayowekwa sebuleni kumwangalia mzee ina tatizo lile lile kwa ukubwa zaidi. Mara nyingi anayelipa ni mtoto aliye mbali, anayeonekana ni mzazi, na anayeonekana kuliko wote ni dada wa kazi, ambaye hakuulizwa kabisa. Mzee akikubali kwa sababu hataki kumuudhi mwanawe anayemtumia fedha ya matumizi, je, amekubali? Utafiti unaohesabu waliosema "ndiyo" hauwezi kulitofautisha hilo na ridhaa ya kweli. Kuna pia suala la heshima, ambalo wabunifu wa ng'ambo huenda wasilione: mashine inayomwamuru mzee wa Kigogo kwa Kiswahili cha mjini, bila salamu, "Meza dawa sasa", imekosea kabla haijasaidia.

Kwa taasisi zinazokusanya taarifa za watu, msingi wa kisheria upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais mwezi Aprili 2024. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Mwananchi ana haki ya kujua taarifa zake zinatumika kwa lengo gani, kudai zirekebishwe zikiwa na makosa, kupinga matumizi yanayoweza kumletea madhara, na kuhoji uamuzi unaomhusu uliotolewa na mashine pekee. Hospitali, kampuni ya bima au mwuza vifaa anayeshindwa kujibu maswali hayo asishangae akikosa wateja. Ndani ya familia, hata hivyo, hakuna mkaguzi anayepita sebuleni; huko yanabaki mazungumzo kati ya mzazi na watoto, na ni mazungumzo ambayo wengi wetu hatujayafanya.

Wapo wanaoamini kwamba mashine zikija, mahitaji ya watu yatapungua. Japani, ambako karibu asilimia 29 ya wananchi wana umri wa miaka 65 na zaidi, imewekeza katika roboti za kulea wazee kuliko nchi nyingi. Mtafiti James Wright, aliyekaa katika nyumba ya kutunzia wazee nchini humo na kuchapisha matokeo yake mwaka 2023, alikuta roboti ziliwaongezea wahudumu kazi: za kuinua wazee zilihitaji kusogezwa na kusafishwa, za mazungumzo zilihitaji mtu wa kusimama karibu. Baadhi ziliishia stoo.

Kwa sababu hiyo, hatua inayohusiana kwa karibu zaidi na mustakabali wa vifaa hivi nchini inaweza kuwa ile isiyotajwa kamwe pamoja navyo. Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, uliozinduliwa tarehe 31 Januari, 2024, umelenga kuwafikia wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka mitano, wakichaguliwa kutoka katika jamii wanazozihudumia. Mhudumu wa namna hiyo anajua nyumba ipi ina mzee anayeishi peke yake na ipi ina mgonjwa wa kisukari asiyependa kusemwa. Akipewa kipimo, atajua pia wakati wa kukiacha kwenye mkoba, kwanza akaamkia, akaketi, akaulizia mvua.