Fidia si bahati nasibu, mwanangu!

Msomaji wangu, ukitaka kuona washikaji wanatoana macho kwenye vijiwe vya Kyela, wewe taja fidia tu. Ng'ombe kala mpunga wa mtu, bodaboda kamgonga mpita njia, mtumbwi umechana nyavu za usipa kule Matema. Mmoja atasema laki moja inatosha, mwingine atang'ang'ania milioni tano. Na hakosekani mwenye sinema zake wa kudakia: "Ingekuwa Marekani, huyo angeshakuwa milionea!"

Haya, twende huko huko. Marekani wananchi wa kawaida huketi mahakamani na kupanga fidia. Mwaka 1994 mjini Albuquerque, wananchi 12 walisikiliza kesi ya bibi wa miaka 79 aliyeunguzwa na kahawa ya McDonald's. Walimkadiria dola 200,000, wakakata asilimia 20 kwa kuwa naye alichangia, zikabaki 160,000. Juu yake wakaongeza dola milioni 2.7 za kuitia adabu kampuni, sawa na mauzo yake ya kahawa ya kama siku mbili hivi. Umeona? Namba hawakuiokota hewani. Na bado jaji aliipunguza, jumla ikawa 640,000.

Kwetu baraza la namna hiyo kwenye kesi za madai hatuna. Ila Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilimketisha hakimu wa Mahakama ya Mwanzo na wazee wa baraza wasiopungua wawili, ikawapa kura hata kwenye kukadiria pesa ya kulipwa. Yaani wazee wawili wangeweza kumshinda hakimu! Mimi naona palikuwa na busara hapo. Mzee aliyelima mpunga Ipinda tangu ujana anajua shamba lile hutoa magunia mangapi. Hakimu aliyehamia juzi atajulia wapi?

Sasa sikieni kinachowaponza wengi. Hasara ni za aina mbili. Ipo inayohesabika: magunia, nyavu, bili ya hospitali. Hiyo, Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1992, lazima uitaje waziwazi na uithibitishe. Ipo isiyohesabika, kama maumivu na usumbufu, ambayo mahakama huipima kwa busara yake.

Lakini watu wanakwenda na hasira tu, na hasira haina risiti. Mtu kapoteza chakula cha watoto cha mwaka mzima, akiulizwa magunia mangapi anajibu, "Mengi, mheshimiwa!" Atalipwa mengi yapi?

Kwa hiyo, mwanangu, likikukuta usianze na matusi. Mwite mtendaji wa kijiji, mwite bwana shamba, piga picha, hesabu mbele ya majirani, ulizia bei ya gunia sokoni na uiandike. Fanya hivyo leo leo, maana mvua za Kyela mnazijua: kesho hata alama za kwato hutaziona.

Tukutane wiki ijayo. Risiti usitupe!