Majibu ya Wengi na Jibu la Kweli

Ni desturi ya wanafunzi wa kila nchi, watokapo katika chumba cha mtihani, kusimama vikundi vikundi na kulinganisha majibu. Mmoja hutaja jibu lake, wa pili na wa tatu huliunga mkono, na wa nne aliyejibu vingine hunyamaza, moyo ukimwenda mbio. Tangu hapo hujihesabu kuwa amekosa, kwa sababu tu wenzake ni wengi naye yu peke yake. Wahenga walisema, "Wengi wape," na katika baraza la kijiji neno hilo lina busara. Lakini katika hesabu halifai, na jambo lililotokea Marekani mwaka 1982 ni ushahidi wa kutosha.

Katika nchi ile, vijana wengi watakao kuingia vyuo vikuu hufanya mtihani uitwao SAT, ulioanzishwa mwaka 1926. Wakati huo wa 1982, maswali mengi yake yalikuwa na majibu matano yaliyokwisha kuandikwa, na mwanafunzi alitia alama kwenye lile aliloliona kuwa sahihi. Aliyekosa swali la namna hiyo alipunguziwa robo ya alama, ili watu wasijibu kwa kubahatisha.

Mwezi wa Mei mwaka huo, wanafunzi wapatao 300,000 walipewa swali hili: Kuna miduara miwili, na upana wa ule mdogo ni theluthi moja ya upana wa ule mkubwa. Mdogo ukiviringika kuuzunguka mkubwa hata urudi pale ulipoanzia, utakuwa umejizungusha mara ngapi? Majibu yaliyowekwa yalikuwa moja na nusu, tatu, nne na nusu, sita, na tisa. Watunga mtihani walikusudia tatu, kwa kuwa mzingo wa mduara mkubwa ni mara tatu ya mzingo wa mdogo. Lakini jibu la kweli ni nne, nalo halikuwamo katika yale matano.

Msomaji aonaye shaka na achukue sarafu mbili zilizo sawa. Aweke moja mezani na kuishika isisogee, kisha aiviringishe ya pili kuizunguka ile ya kwanza bila kuteleza, huku akiiangalia picha iliyo juu yake. Watu wengi hudhani kwamba picha itazunguka mara moja tu, kumbe huzunguka mara mbili. Sababu yake si ngumu. Mtu aizungukaye nyumba yake, akitazama mbele aendako, huwa amegeuka mzunguko mmoja kamili afikapo tena mlangoni, kwa kuwa njia yenyewe imepinda. Ndivyo ilivyo kwa sarafu: hupata mzunguko mmoja kwa urefu wa njia, na mmoja zaidi kwa kupinda kwa njia hiyo. Basi kwa miduara ya mtihani ule, mizunguko mitatu ukiongeza mmoja ni minne.

Katika maelfu yale ya wanafunzi, watatu tu ndio waliowaandikia wenye mtihani na kuwaonyesha kosa hilo kwa hesabu. Barua zao zilichunguzwa, kosa likakubaliwa, swali likafutwa, na alama za wote zikahesabiwa upya. Za wengine zilipanda na za wengine zikashuka, hata kufikia alama 10, katika kipimo kianziacho 200 na kuishia 800. Alama 10 huonekana kuwa chache, lakini kwa kijana aliye ukingoni mwa kupata au kukosa nafasi ya chuo, si chache hata kidogo.

Hii si kusema kwamba kila aliye peke yake ana haki. Mara nyingi aliye peke yake amekosa kweli, na ni vema ajue. Lakini hatajua kwa kuhesabu vichwa vya wenzake. Yafaa wanafunzi walinganishapo majibu waulizane, "Umelipataje?" kuliko kuulizana, "Umepata ngapi?" Swali hilo la kwanza humtaka mtu aonyeshe njia yake, na njia ikionyeshwa, kosa hujitokeza lenyewe, liwe la mwanafunzi au la mtunga mtihani.

Na mzazi ambaye mtoto wake amerudi nyumbani amejiinamia, kwa kuwa wenzake wote wamejibu vingine, asiwe mwepesi wa kumkemea wala wa kumbembeleza. Na ampe karatasi na kalamu, amwambie aifanye hesabu ile tena hatua kwa hatua. Akiwa amekosa, ataona ni wapi alipopotea, na mwaka mwingine hatapotea hapo. Akiwa amepata, atakuwa amejifunza kulitetea jibu lake mbele ya watu wengi, na elimu hiyo itamfaa hata baada ya kuacha shule.