Samaki Huyu Amevuliwaje?

Mwaka 1992 Kanada ilifunga uvuvi wa chewa wa Atlantiki katika pwani ya Newfoundland. Bahari ilikuwa imekombwa, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi.

Mwaka 1999 Monterey Bay Aquarium ya California ilianza kuwapa wanunuzi mwongozo wa rangi: kijani, nunua, manjano, nunua kwa tahadhari, nyekundu, acha. Kinachopimwa ni wingi wa samaki, madhara ya zana kwa viumbe wengine na makazi yao, na usimamizi wa uvuvi. Hivyo hata asiyeijua bahari hupata sauti sokoni.

Lakini rangi hiyo haipimi ujira wa mvuvi. Basi tuulize yote mawili: samaki huyu amevuliwaje, na aliyemvua ametendewa haki?