Mwalimu Mgumu Si Adui, Lakini Kejeli Si Malezi



Kila mwaka, Dominika ya Mchungaji Mwema inapofika na sisi mafrateri tukatumwa maparokiani kuzungumzia miito, waamini hutuuliza swali lilelile: "Frateri, masomo yanakwendaje?" Nasi hujibu kwa adabu, "Tunamshukuru Mungu." Jibu hilo ni la kweli, ila halijakamilika. Ninyi mnaotuchangia ada, mchele na maharage, na zaidi ya yote sala, mna haki ya kusikia lililobaki.

Lililobaki ni hili: masomo ya falsafa ni magumu, na baadhi ya wanaotufundisha ni wagumu kuliko masomo yenyewe. Tunaandika kusema kwamba ugumu huo tunauhitaji. Tunaandika pia kusema kwamba kuna jambo moja ambalo mara nyingi huvaa vazi la ugumu huo, nalo si ugumu wala si malezi. Tusipojifunza kuyatofautisha haya mawili tukiwa bado wanafunzi, watakaoumia kesho si sisi. Ni ninyi.

Tuanze na somo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 250, inadai kwamba anayeandaliwa kuwa padre asome falsafa kwa muda usiopungua miaka miwili kamili, na teolojia miaka minne. Wengi wetu tulipoingia mwaka wa kwanza tulidhani falsafa ni mlango tu wa kupitia haraka ili tufike kwenye Maandiko na Sakramenti. Mantiki ilitusimamisha mlangoni.

Tulikuwa tumezoea kukariri. Kidato cha sita tulikifaulu kwa kukariri. Mantiki haikaririki. Mwalimu wetu aliandika ubaoni sentensi tatu: Kila padre amebatizwa. Mama katekista amebatizwa. Kwa hiyo, mama katekista ni padre. Darasa likacheka. Akauliza, "Kosa liko wapi?" Kicheko kikaisha. Kila mtu aliona kwamba hitimisho ni la uongo, lakini hakuna aliyeweza kusema ni hatua gani ilivunjika. Alitupa mifano mingine mitatu ya umbo hilohilo, yenye hitimisho tulilolipenda, nasi tukaikubali yote. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba mtu anaweza kufikiri vibaya maisha yake yote bila kujua, mradi tu anafika anapopenda kufika.

Msomaji aliyeko parokiani anaweza kuuliza: hilo linanihusu nini? Linakuhusu sana. Jirani yako anakuambia: fulani alipakwa mafuta ya upako, wiki iliyofuata akapona, kwa hiyo mafuta yale ndiyo yaliyomponya, nawe toa fedha ukanunue. Hatusemi kwamba Mungu haponyi. Anaponya. Tunasema kwamba kutangulia si kusababisha. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, wala si jogoo anayelichomoza jua. Padre asiyeweza kulieleza hilo kwa upole, hatua kwa hatua, mbele ya mama aliyeuza mbuzi wake ili anunue chupa ya mafuta, hana cha kumsaidia zaidi ya kumkemea. Na kukemea hakumsaidii.

Ndiyo maana hatuwezi kumlaumu mwalimu anayekataa kutupa alama za huruma. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mwalimu asiyetupa muhtasari wa kukariri, anayetutuma maktaba na kututahini kwa mdomo ana kwa ana, anatuinamisha. Inauma mgongo, lakini kilichoko mvunguni tunakihitaji.

Sasa tuseme habari ya pili, iliyo ngumu zaidi kuisema.

Siku moja mwalimu huyohuyo alirudisha majaribio. Zaidi ya nusu yetu tulikuwa chini ya alama ya kufaulu. Hilo peke yake tungelibeba. Lakini alianza kusoma majibu yetu kwa sauti, akitaja jina la aliyeandika, akiiga namna mmoja wetu anavyotamka Kiingereza. Alisema kwamba baadhi yetu tungefaa zaidi kuchunga ng'ombe. Mwenzetu aliyeigwa aliinamisha kichwa mpaka kipindi kikaisha. Jioni, baada ya masifu, hakuja bwaloni.

Usiku ule tulifanya wanavyofanya wanafunzi wote duniani. Tulikusanyika nyuma ya bweni, tukamsema. Kila mmoja alikuwa na kisa chake. Mmoja akatoa wazo la barua isiyo na jina, ipitishwe chini ya mlango wa Padre Gombera, na barua ikaanza kuandikwa palepale kwa mwanga wa simu. Ilikuwa ndefu na tamu kuiandika. Tunakiri kwamba tuliifurahia.

Kaka yetu mmoja wa mwaka wa tatu akaisoma, kisha akaomba karatasi nyingine. Akachora mstari katikati. Akasema, "Upande huu andikeni mambo yanayowafanya mteseke kwa sababu somo ni gumu. Upande wa pili andikeni mambo ambayo hata kama somo lingekuwa jepesi, bado yangekuwa makosa."

Upande wa kwanza ulijaa upesi: hatoi muhtasari, anatoa kurasa nyingi za kusoma, mtihani wake ni wa mdomo, hasahihishi kwa huruma. Upande wa pili yalibaki mambo mawili tu. La kwanza, anatukejeli mbele ya wenzetu. La pili, anarudisha majaribio baada ya wiki sita, wakati somo limeshasonga mbele na kosa haliwezi tena kutufundisha kitu. Kaka yule akakunja karatasi, akachana upande wa kwanza na kuutupa. "Haya mawili," akasema, "yana haki ya kusemwa. Lakini yasemwe na watu wenye majina."

Bwana wetu alikwisha kutufundisha utaratibu: ndugu yako akikukosea, nenda kwanza kwake, ninyi wawili peke yenu. Tunaihubiri Injili hiyo vizuri sana kwenye jumuiya ndogondogo. Kuitenda mbele ya mlango wa ofisi ya padre ambaye kura yake itahesabiwa katika tathmini yako ya mwisho wa mwaka ni jambo lingine. Tulitetemeka. Wawili wetu wakaenda, na sisi wengine tukaandika majina yetu kwenye karatasi waliyoishika.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Tangu muhula uanze, ni nani kati yenu amewahi kugonga mlango huu kuniuliza jambo asiloelewa?" Hakuna aliyewahi kugonga. Kila Alhamisi mchana alikuwa ofisini kwa ajili yetu, na tangazo lilikuwa mlangoni. Sisi tulipita pale tukienda uwanjani kucheza mpira.

Akawaambia kwamba majaribio yatarudi ndani ya wiki mbili. Juu ya kejeli alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo mmenisema kwa haki. Nitajitahidi." Hatutaki kuwadanganya kwamba tangu siku ile amekuwa malaika. Ulimi wake bado ni mkali siku nyingine. Lakini hajamwiga mtu tena. Nasi tulianza kwenda Alhamisi.

Alhamisi mojawapo ndiyo iliyotuokoa katika metafizikia. Kwa wiki nzima tulikuwa tumekwama kwenye tofauti anayoifanya Mtakatifu Tomaso wa Akwino kati ya kiini cha kitu na kuwapo kwake. Tulisoma kwa Kiingereza, lugha ambayo neno lake moja dogo hubeba maana zote mbili, tukaona kwamba Mtakatifu Tomaso anapasua nywele. Mwalimu akafunga kitabu. "Nitajieni zimwi ni nini." Tukamweleza: ni kiumbe cha kutisha, kikubwa, kinachokula watu. "Zimwi lipo?" Tukacheka, halipo. Akasema, "Basi mmemaliza. Kusema kitu ni nini, na kusema kitu kipo, ni mambo mawili. Kiswahili chenu kina neno 'ni' na kina neno 'yupo', 'kipo', 'lipo'. Bibi zenu waliwafundisha tofauti hii mkiwa mmekaa kando ya moto." Mtakatifu Tomaso mwenyewe, akiwa bado kijana, alitumia mfano wa ndege wa hadithi, feniksi, kuonyesha jambo hilohilo. Sisi tulikuwa na zimwi. Na juu ya yote, kwa Mungu peke yake hayo mawili hayatengani: kuwapo kwake ndiko kiini chake. Tulitoka ofisini mle tukiwa kimya, kama watu waliotoka kuabudu.

Mwalimu ni yuleyule. Aliyemwinamisha mwenzetu kichwa ndiye aliyetufungulia mlango huo. Tungeishia kwenye barua ya usiku, tungemjua mmoja tu kati ya hao wawili.

Mara nyingi tunafarijiana kwa habari za Mtakatifu Yohane Maria Vianney, aliyeshindwa Kilatini na bado akawa mtakatifu. Tunaomba tuache kuitumia habari hiyo kama mto wa kulalia. Ni kweli kwamba seminarini Lyon alishindwa mtihani uliofanywa kwa Kilatini. Lakini nyuma yake alikuwapo Padre Balley, paroko wa Écully, aliyemfundisha kwa miaka, akamtetea, na hata baada ya upadrisho wa mwaka 1815 akakaa naye kama msaidizi wake na kuendelea kumsomesha. Vianney hakuambiwa kwamba masomo si muhimu. Alipata mwalimu ambaye hakumpunguzia kazi na hakumkatia tamaa. Tulihitaji kuambiwa habari yote.

Na yupo Mtakatifu Augustino. Katika Maungamo yake anasimulia jinsi alivyochukia Kigiriki utotoni na jinsi walimu walivyomchapa. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, shemasi mmoja wa Karthago aitwaye Deogratias alimlalamikia kwamba akiwafundisha wanaoanza imani anaona mafundisho yake yanachosha. Augustino alimwandikia kitabu kizima, na jambo analolisisitiza humo ni furaha ya anayefundisha. Mtoto aliyechapwa hakulipiza kisasi kwa wanafunzi wake. Huo ndio uhuru tunaoutafuta.

Maana hapa ndipo hofu yetu kubwa ilipo. Miaka michache ijayo, Mungu akipenda, sisi ndio tutakuwa walimu wagumu. Watakaokuja mbele yetu ni watoto wa kipaimara wasioweza kutaja vipaji saba vya Roho Mtakatifu, wachumba waliotoka shambani kuja kwenye mafundisho ya ndoa, mzee wa miaka sabini anayetaka kubatizwa na hajui kusoma. Tutawafundisha kwa sauti ipi? Ninyi waamini mnazijua parokia ambako mtu huogopa kuingia ofisini kwa sababu atafokewa. Tunadhani wengi wa wanaofoka walifokewa, wakaambiwa kwamba huko ndiko kulelewa.

Kwa hiyo tunawaomba wenzetu majandokasisi mambo matatu. Kabla ya kumlalamikia mwalimu, gonga kwanza mlango wake. Ukilalamika, tenga kinachouma kwa sababu ni kigumu na kinachouma kwa sababu ni kibaya, kisha sema hicho cha pili tu, kwa jina lako. Na likiwa ni jambo zito zaidi ya kejeli, jambo la kumdhuru mtu, usiende peke yako wala usilifiche kwa kisingizio cha utii: peleka kwa mlezi, kwa Padre Gombera, kwa askofu wako.

Walimu wetu, tunawaomba msitupunguzie mzigo. Tunawaomba tu mtuachie heshima ya kuubeba.

Na ninyi wazazi na waamini, frateri wenu akiwapigia simu kusema kwamba ana mtihani wa marudio, msikimbilie kusema ameonewa, wala msimwambie kwamba ameaibisha parokia. Mwulizeni, "Umekwenda kumwona mwalimu?" Kisha mwombeeni.

Mwenzetu yule aliyeigwa hakurudi muhula uliofuata. Alituambia kwamba ametambua wito wake ni mwingine, nasi tunamwamini. Lakini barua zake hatuzisomi bila kujiuliza kama ingekuwa vilevile iwapo jioni ile, badala ya kwenda nyuma ya bweni kumsema mwalimu, mmoja wetu angemfuata yeye chumbani kwake.