MASHAURI YA ARDHI YASIYOJIBIWA

Wasomaji wetu walioko Kibaha na Kisarawe walijua sana neno hili: "Shauri lako linashughulikiwa." Ni neno la adabu, wala si lazima liwe uongo. Lakini mwenye shauri hawezi kulipanda mihogo, wala kulijengea nyumba.

Twataka kuwakumbusha habari ya Kisarawe. Mwaka 2009 kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilipewa haki ya kutumia zaidi ya hekta 8,000, zilizokuwa ardhi ya vijiji 11, ili ilime mibono ya kutoa mafuta. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka, na wafanyakazi walio wengi wakaachishwa kazi. Wanakijiji wakabaki na malalamiko yao ya fidia, ya maji, na ya njia za kwenda kwenye makaburi ya wazee wao. Wako waliodhani kwamba mgeni akiondoka ardhi huwarudia wenyewe. Sivyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji inayotakiwa na mwekezaji wa kigeni huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Naye akifilisika, hubaki ardhi ya jumla.

Hapo ndipo shauri hupotea njia. Mwenyekiti wa kijiji hana tena mamlaka juu yake. Halmashauri ya wilaya siyo inayoweza kuirudisha. Mkoa, wenye makao yake Kibaha, utaandika barua kwa Kamishna wa Ardhi. Kila mmoja akisema "hili si langu" amesema kweli, na mzee aliyetoka kijijini amekwisha tumia nauli yake.

Magomvi ya mtu na jirani yake yana nafuu kidogo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata hupewa siku 30 za kusuluhisha. Zikipita bure, mdai aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila kungoja cheti. Barua iliyo mezani pa afisa haina siku 30.

Twajua uchache wa maafisa ardhi, na pikipiki zilalazo kwa kukosa mafuta. Lakini kuandika mistari mitatu hakuhitaji mafuta. Twaomba kila barua ya ardhi ijibiwe kwa maandishi, na jibu litaje faili iko kwa nani, na tangu tarehe gani. Tena, kabla mkutano wa kijiji haujatoa maoni juu ya ombi la mwekezaji mwingine, afisa asimame aseme waziwazi, kwa Kiswahili cha kila siku, kwamba ardhi hiyo ikitoka hairudi yenyewe. Na maneno yake yaandikwe katika muhtasari, kabla mtu hajanyosha mkono.