Droni Imeanguka? Kabla ya Kwenda kwa Fundi, Fungua Daftari



Leo naongea na wewe unayetumia droni kwenye biashara yako. Labda unauza viwanja na wateja wako wa mbali wanataka kuliona eneo kutoka juu. Labda una nyumba ya wageni unaitangaza mtandaoni, au unachukua kazi ndogondogo za harusi na send-off. Sasa droni imeanguka. Unaikusanya, unaiweka kwenye mfuko, unakimbia kwa fundi na swali moja: "Hii inatengenezeka?"

Mimi nasema hilo ni swali la pili. Droni nyingi zinatengenezeka, mradi hela ipo. Swali la kwanza ni hili: hela yangu ikiingia humo, biashara inabaki na nini?

Nina duka dogo la vifaa vya simu na kamera. Sijasomea ufundi wala uhasibu, shule niliishia kidato cha nne, mengine nimejifunzia kazini. Ila watu wenye droni zilizoanguka wanapita dukani kwangu wakitafuta spea, na wengi wanatengeneza kwa uchungu, sio kwa hesabu. Utasikia, "Nilinunua milioni na laki mbili, siwezi kuiacha hivi hivi." Ndugu yangu, ile milioni na laki mbili iliondoka siku ile ulipoinunua. Ukitengeneza hairudi. Usipotengeneza haipotei mara ya pili. Itoe kwenye hesabu kabisa.

Hesabu yangu ina namba tatu tu.

NAMBA YA KWANZA: Droni kama yako, iliyotumika lakini nzima, leo inauzwa bei gani? Pita kwenye kurasa za wanaouza vifaa vilivyotumika, angalia bei tatu au nne, chukua ya katikati.

NAMBA YA PILI: Yako, hivyo hivyo ilivyovunjika, mtu atainunua bei gani? Hapa ndipo wengi wanajidanganya, wanadhani ni sifuri. Droni ikianguka, mara nyingi rimoti ilikuwa mkononi mwako, ni nzima. Chaja nzima. Betri za akiba zilikuwa kwenye begi, nazo nzima. Kuna mtu rimoti yake imekufa, anatafuta hiyo hiyo yako. Kuna fundi anataka mota zako. Hiyo ni hela.

NAMBA YA TATU: Fundi anataka jumla ngapi? Weka spea, weka ufundi, weka nauli, na gharama ya kuagiza kama spea inatoka nje.

Tuweke mfano, wewe utaweka bei za kwako. Tuseme nzima iliyotumika ni 900,000. Yako iliyovunjika inauzika 350,000. Toa, inabaki 550,000. Yaani ukiuza hiyo mbovu na kuongeza 550,000, una droni nyingine nzima mkononi. Hapo ndipo dari lako lilipo. Fundi akikutajia zaidi ya 550,000, hakuna cha kujadili.

Lakini mimi sifiki hata kwenye dari. Mstari wangu ni nusu yake, hapa 275,000. Kwa nini nusu? Kwa sababu droni iliyopiga chini huwa na siri. Fundi akiifungua kwa ajili ya kamera, anakuta na waya umekatika. Akimaliza waya, mota moja inatoa sauti ya kukwaruza. Bei ya kwanza ya fundi inahusu kile kinachoonekana, na ajali haivunji vinavyoonekana peke yake. Ile nusu nyingine ni nafasi unayoacha kwa ajili ya yaliyojificha. Halafu hata ikipona, ukija kuiuza kwa haki ukasema iliwahi kuanguka, haitafika bei ya ambayo haijaanguka.

Sasa tuangalie ajali zenyewe, maana hazifanani. Nachukulia mfano wa DJI Mini 2, ile ndogo isiyofika gramu 250.

Propela tu zimevunjika: tengeneza, usiwaze mara mbili. Ila fanya vizuri. Kila mota ina propela mbili, na moja ikivunjika unabadilisha zote mbili za mota hiyo, kutoka pakiti moja. Usichanganye ya pakiti hii na ya pakiti ile, hazitalingana uzito, droni itatetemeka na video itaharibika. Na ukifunga angalia alama, kuna propela zenye alama na zisizo nayo, kila moja na mkono wake. Ukikosea hapo, inapinduka kabla haijapaa.

Mkono umevunjika: inategemea. Kama ni plastiki tu, sawa. Kama mota imeguswa, jua ina waya tatu zinazokwenda kwenye bodi, na waya hizo zinahitaji mkono wa fundi aliyezoea vitu vidogo. Uliza ameshafanya ngapi za aina hiyo, na akuonyeshe.

Gimbali imeumia, yaani kile kishikio chenye mota ndogo kinachozuia kamera isitikisike: hapa fungua daftari kweli kweli. Ndani mna waya bapa mwembamba kama karatasi. Ukikatika huo peke yake, bado una nafasi. Kama kamera nayo imekufa, mara nyingi utauvuka ule mstari wa nusu.

Imeingia maji ya chumvi: ushauri wangu ni mmoja tu. Uza kama spea. Naongea na wenzangu wa pwani, mnaopiga video Kigamboni, Bagamoyo, Zanzibar na Mombasa. Chumvi haikauki ikaondoka na maji, inabaki kwenye bodi inaendelea kula shaba taratibu. Leo inawaka, wiki ijayo inazima ikiwa juu. Kuizika kwenye mchele hakuitoi chumvi. Na betri iliyoingia maji ya bahari usiichaji hata kwa kujaribu. Betri iliyovimba au kubonyea vilevile. Hizi betri za lithiamu zinashika moto, na moto wake hauna utani.

Kuna namba nyingine haiandikiki kwenye daftari kirahisi, nayo ni kichwa cha mtu. Simu mbovu ikizima, umekosa mawasiliano. Droni mbovu ikizima, inadondoka juu ya mama wa bibi harusi. Kwa hiyo hata hesabu ikikubali, jiulize: nitathubutu kuirusha juu ya watu? Kama jibu lako ni "labda", basi hujatengeneza kifaa cha kazi, umetengeneza cha kupigia picha shamba. Thamani yake ishushe hapo hapo, piga hesabu upya. Na usisahau kibali. Tanzania wanaosimamia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Kenya ni KCAA. Siku ikimwangukia mtu, hutaki kuanza kueleza kwamba ulijua ina tatizo.

Ukiamua kutengeneza, kubaliana na fundi mambo matatu kabla hajafungua hata skrubu. Kwanza, mwambie kiwango chako: "Ikizidi hapa, simama, nipigie." Pili, lipa hela ya spea kwanza, ya ufundi ulipe baada ya kuirusha. Tatu, spea ya zamani akurudishie. Siku ya kuchukua, iruhusu ielee usawa wa kifua juu ya nyasi, mbali na watu, mpaka betri ipungue vya kutosha. Sikiliza mota zote nne kama zina sauti moja. Ikishatua na kuzimika, zisogelee na kidole, isiwepo moja ya moto sana kuliko wenzake. Rekebisha dira yake ukiwa mbali na magari na mabati. Angalia video kwenye skrini kubwa, sio kwenye simu, uone kama upeo wa macho umelala sawa au umeinama. Hayo yote yakipita, ndio toa hela iliyobaki.

Sasa najua mtu atasema, "Wewe unauza vifaa, unataka tununue vingine." Hapana. Ushauri wangu kwa wengi wenu ni msinunue wala msitengeneze. Kodini. Tuseme mrushaji anakuja na droni yake kwa 110,000 kwa siku. Ile 550,000 ni siku tano. Kama wewe unahitaji video ya juu mara moja kwa mwezi, hiyo ni miezi mitano, na droni ikianguka ni ya kwake, sio yako. Tena hela haitoki yote siku moja. Inayobaki inaendelea kuzunguka kwenye mzigo.

Na hapa ndipo roho ya jambo ilipo. Sisi wafanyabiashara wadogo hatuna hela ya droni na hela ya mzigo kwenye mifuko tofauti. Mfuko ni mmoja. Laki nne ikienda kwa fundi, ni laki nne imetoka kwenye madera, kwenye viatu, kwenye makava ya simu. Mzigo ule ungeuzwa, ukarudi, ukauzwa tena. Nimeona kijana mmoja ameingia msimu wa sikukuu meza yake iko nusu, wateja wanaulizia saizi hana, lakini droni imepona. Video zake nzuri sana. Za kutangaza nini, sasa?

Naelewa kuna ambaye droni ndiyo ofisi yake, kila wikiendi ana kazi na ameshapokea malipo ya awali. Kwako wewe hesabu ina kitu cha kuongeza: siku za kukaa bila kifaa. Spea ikichukua wiki tatu kufika na una kazi tatu humo katikati, kodi ya hizo siku iweke kwenye bei ya fundi. Mara nyingi utaona ile iliyoonekana rahisi imekuwa ghali. Hela ya mteja ya awali usiiguse kutengenezea. Hiyo bado ni ya mteja mpaka kazi ifanyike.

Mwisho, ukiamua kuiuza ikiwa mbovu, iuze kwa ukweli. Andika kwenye posti: iliangukia wapi, kipi hakifanyi kazi, kipi ni kizima, betri ngapi. Kama iliingia maji, andika maji. Piga picha ya ufa wenyewe, usiugeuzie ukutani. Toa kadi yako ya kumbukumbu, na kama imefungwa kwenye akaunti yako, itoe ili mwenzako asikwame. Betri iliyovimba usimtumie mtu wa mkoani kwa basi, humo ndani kuna abiria. Utauza bei ya chini kidogo, lakini mnunuzi wako atarudi, na jina ndilo duka letu sisi wa mtandaoni.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa fundi, kaa chini na kalamu. Nzima bei gani, mbovu bei gani, fundi bei gani. Ikiwa chini ya nusu ya tofauti, tengeneza kwa amani. Ikizidi, iache iende ikawe spea za mwingine, wewe rudi kwenye mzigo.

Kama una droni imelala kabatini kwa sababu hujaamua, andika hapo chini namba zako tatu. Tutapiga hesabu pamoja.