Tumekuwa Masikio Matupu

Kila Ijumaa jioni simu yangu inaita. Ni rafiki yangu tuliyesoma naye Mzumbe, siku hizi yuko Dar, ananitumia anachokiita "dawa ya wikiendi": podikasti tatu, moja ya chakula, moja ya lugha, moja ya muziki. Huu mwaka wa nne. Kupitia kwake nimejua Wakorea wanavyochachusha kabichi na Wawelishi wanavyoipigania lugha yao mashuleni. Mimi humrudishia za kwangu, za London na Lagos. Tunajiona watu wa maana kweli.

Mwezi uliopita akaandika: "Kaka, leo nitumie ya kwenu. Uluguru. Chakula, lugha, muziki, chochote." Nilikuwa nimekaa kibarazani, mlima Bondwa uko mbele yangu na minara yake. Nikakosa cha kutuma.

Na nilikuwa nacho! Bibi yangu wa Matombo aliwahi kunirekodia, kwa Kiluguru, namna ya kupika kisamvu cha kulia magimbi. Dakika saba. Kinu kinasikika, katikati anafukuza kuku, halafu anacheka mwenyewe. Siku simu ilipojaa niliufuta ujumbe ule ili nipate nafasi ya kupakua vipindi sita vya mapishi ya Kiitaliano. Hakuna aliyenilazimisha. Bibi sasa hayupo, na mimi ni mwandishi wa habari ninayelipwa kutunza sauti za watu.

Kwa hiyo ninaposema sisi wapenzi wa sauti tumekuwa walaji tu, naanza na mimi.

Nieleweke: sipingi kusikiliza vya wenzetu. Morogoro ilipata jina kwenye muziki kwa sababu kuna watu waliosikiliza vya mbali. Salum Abdallah, kijana wa mji huu, alinogewa na santuri za GV zilizoleta muziki wa Cuba, akaunda bendi yake na kuiita Cuban Marimba. Jina la kwao, lakini nyimbo kwa Kiswahili chetu. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, na bendi ikaendelea. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz naye alilipiga gitaa lake hadi Osaka, Japani, kwenye Maonesho ya Dunia ya mwaka 1970. Hawa walipokea, wakajibu. Sisi tunapokea, tunabonyeza kialama cha moyo, tunalala.

Najua visingizio, nimevitumia vyote. Cha kwanza: lugha za makabila zitaturudisha kwenye ukabila. Jamani! Kiswahili chenyewe kimechota "ikulu" kwa Wanyamwezi na "ngeli" kwa Wahaya, na hakuna aliyepigana. Bibi akieleza kisamvu kwa Kiluguru anagawa nchi gani?

Cha pili ni sheria. Ni kweli, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya leseni ya shilingi milioni moja, na milioni nyingine kila mwaka. Kwa kijana wa Mgeta anayeuza njegere hiyo ni ndoto. Nilizipinga wakati ule na bado nasema zilinyamazisha wengi. Lakini kumrekodi mama yako na kumtumia rafiki yako hakujawahi kuhitaji leseni ya mtu.

Cha tatu ndicho kinachonikera zaidi: "Wasomi watafanya." Wasomi wamefanya. Daniel Mkude aliandika tasnifu ya sintaksia ya Kiluguru Chuo Kikuu cha London mwaka 1974. Heshima yake. Ila tasnifu haina mlio wa kinu, wala haimfukuzi kuku.

Mimi siwadai studio wala wafadhili. Nadai kitu kidogo: kila unapomtumia rafiki yako sauti ya mbali, mtumie na moja ya nyumbani. Mzee wa mtaani kwenu aeleze wimbo alioucheza ujanani. Shangazi ataje majina ya ndizi. Usimsahihishe, usimwambie aongee Kiswahili sanifu. Omba ruhusa, bonyeza, nyamaza. Halafu hifadhi mahali pawili, usije ukafanya kama mimi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mama mmoja aliyeshuka na ndizi kutoka Kinole alinishangaa kwanza: "Baba, unataka nikufundishe kupika?" Nikamwambia ndiyo, tena kwa Kiluguru. Akawaita wenzake wawili wamsaidie, wakaanza kubishana chumvi inawekwa lini. Dakika nne, na makonda wanapiga kelele nyuma yao.

Nikamtumia rafiki yangu. Jibu lake lilikuja usiku: "Sijaambulia hata neno moja. Nimesikiliza mara tatu. Sasa waulize, hiyo chumvi inawekwa lini?"